Nakala Iliyolala kwa Pini

Akiba huoza.

Najua mmelelewa mkisikia kinyume chake. Aliyesema akiba haiozi alikuwa anawaza kitu kilichofungiwa gizani, kimetulia, hakiguswi na mtu. Akiba yangu mimi niliigusa kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na kila nilipoigusa niliipa nafasi ya kuoza. Somo hilo nililipata kwa kaka yangu wa tumbo moja, tuliyekula naye sahani moja tangu sijajua kushika kijiko.

Nianze na kazi yenyewe, msije mkanidhania jasusi.

Nilikuwa karani wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha betri. Betri chakavu za magari huingia lango la mbele, hupasuliwa, madini yake ya risasi huyeyushwa kwenye tanuri, halafu hutoka lango la nyuma ikiwa matofali ya kijivu. Watu wanaofanya kazi hiyo hutoka na vyao pia: tumbo la kusokota lisilosikia dawa, mikono inayotetemeka mpaka chai inamwagika, na mstari wa buluu kwenye fizi kana kwamba mtu alitafuna kalamu. Chama kikaamua kulipeleka jambo hilo kwenye baraza la kazi. Mimi nina stashahada ya uandishi na vidole vyepesi, nikapewa kuchukua maelezo ya mashahidi. Walikuwa thelathini na saba. Walikuja mmoja mmoja kwenye chumba chetu juu ya duka la rangi, wakakaa kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya, wakasema. Wengine niliwaandika, wengine niliwarekodi sauti. Sikuwapamba. Mtu akisema "ninakohoa majivu", niliandika anakohoa majivu.

Wiki ya pili ofisi ikavunjwa. Wezi waliacha feni, waliacha redio, waliacha hata viatu vyangu vipya vya ngozi chini ya meza. Waliondoka na kompyuta peke yake; maelezo ilibidi niyachukue upya. Mwizi anayeacha viatu vya ngozi si mwizi, ni mtumishi.

Ndipo Pini akaingia katika maisha yangu. Ni fundi simu, mwanamke mwenye mabega mapana na mdomo uliojaa skrubu, maana anapofungua simu hubana skrubu zake kwa midomo na huongea hivyohivyo. Duka lake lina upana wa mlango na nusu. Alinipa kompyuta ndogo iliyochakaa, akaigeuza, akanionyesha tumbo lake likiwa tupu.

"Nimeitoa ubongo," alisema. "Kila kitu kitakuwa kwenye hii flashi. Mfumo wenyewe unaamkia humu. Ukizima, kompyuta inasahau kila kitu, hata kama dakika ile ilikuwa inakuchekea."

"Kama mwanamume," nikasema.

"Mwanamume anakumbuka chakula. Hii haikumbuki hata hicho."

Ndani ya flashi hiyo kulikuwa na hifadhi iliyofungwa, kama chumba ndani ya nyumba, na haifunguki ila kwa maneno ya siri. Nilichagua maneno saba. Mtu akiiokota flashi bila maneno hayo, ameokota kifungo cha shati.

"Lakini flashi ni kitu kidogo," Pini akaendelea. "Inapotea, inaloa, inakanyagwa. Kama huna nakala, huna kitu."

Basi akatengeneza flashi ya pili, yenye mfumo uleule na hifadhi yake iliyofungwa kwa maneno mengine, ambayo alijua yeye tu. Ya kwanza ilikaa na mimi. Ya pili ilikaa kwake. Sheria yake ilikuwa moja: flashi mbili hazilali chini ya paa moja. Kila Ijumaa nilikwenda dukani kwake, nikafungua yangu, yeye akachomeka yake, akanigeuzia mgongo na kuandika maneno yake, halafu mimi nikabonyeza kitufe cha kusasisha. Kompyuta ililinganisha chumba na chumba. Kilichoongezeka kwangu kiliongezwa kule. Kilichobadilika kwangu kilibadilishwa kule.

"Na kilichofutwa kwako," Pini alinionya siku ya kwanza, kidole juu, "kinafutwa na kule. Hili lishike. Nakala haina akili yake. Inamfuata mama yake kama kifaranga, hata mama akiingia motoni."

Sentensi hiyo niliipenda mno. Nikaibeba mpaka nyumbani, nikaimwaga mezani.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, kaka, na mimi. Kaka alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kilekile. Ndiyo, kilekile. Alikuwa anarudi na ovaroli yake ya buluu, mimi narudi na flashi niliyoishonea kifuko ndani ya kiuno cha sketi, tunakaa meza moja na mama anapakua. Mama alikuwa na amri: kazi iachwe mlangoni pamoja na viatu. Tukaiheshimu. Lakini siku ile ulimi uliniwasha, nikasimulia habari ya kifaranga.

Kaka alicheka. Huniita Kamusi tangu nilipoanza shule, kwa sababu nilikuwa namsahihisha. "Kwa hiyo, Kamusi, mtu akifuta kwako, kwisha habari?"

"Haijaisha. Kule bado kipo."

"Mpaka Ijumaa."

"Mpaka Ijumaa," nikasema, nikiwa na furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi mwelewa.

Mama alisema mboga inapoa.

Sasa niwaambie kuhusu Tanuri. Hilo lilikuwa jina lake la kiwandani, kwa kuwa alisimama mbele ya tanuri miaka kumi na tisa. Alikuwa shahidi wa ishirini na mbili. Mikono yake haikuweza kushika kikombe, kwa hiyo nilimrekodi. Alisema kiwanda kilitakiwa kumpa kila mfanyakazi barakoa mpya kila mwezi. Yeye alipata moja kwa mwaka, lakini kwenye daftari la stoo zimeandikwa kumi na mbili, na sahihi ya mtunza stoo chini yake. Akamtaja kaka yangu kwa jina, akiniangalia machoni, kisha akasema, "Samahani, binti. Najua ni wenu." Akavuta pumzi, akaendelea. Alisema siku moja alimkuta kaka stoo anaandika daftari hilo huku meneja amesimama nyuma yake, mkono umeshika mgongo wa kiti. Meneja alikuwa anamtajia namba. Alipotoka meneja, kaka alimwambia Tanuri, "Mzee, mimi naandika ninachoambiwa."

Niliisikiliza mara moja, nikaifungia. Sikumwambia kaka. Tulikula, tukaulizana habari, tukatakiana usiku mwema, na wakati wote huo sauti ya Tanuri ilikuwa kiunoni mwangu. Wiki tatu kabla ya siku ya baraza, Tanuri akafa. Mashahidi thelathini na sita ningeweza kuwarudia, nikawabembeleza waseme tena. Yeye hakuwa na pa kurudiwa. Alichobakiza duniani kuhusu kazi yake ni dakika kumi na moja, na dakika hizo zilikuwa sehemu mbili tu: kwangu na kwa Pini.

Baada ya mazishi, mtu mmoja alianza kukaa kwenye kibanda cha soda kilichotazamana na mtaa wa Pini. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na kwapani alibana mkoba mdogo wa ngozi, kama mtu anayejipima homa siku nzima. Tulimwita Bwana Mkoba. Hakuwahi kunifuata. Hakuwahi kunitishia. Alinisalimia tu, kwa adabu, na kila mara aliuliza mama hajambo. Sikuwahi kumwambia nina mama.

Alhamisi kabla ya baraza niliamka na homa ya kutikisa meno. Kaka alirudi kutoka kazini saa saba mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku aliyovunjika kidole. Alileta vidonge. Alichemsha chai mwenyewe. Alinifunika shuka mpaka shingoni, akasema, "Lala, mdogo wangu. Leo mimi ndiye mama." Mama alikuwa ametoka. Sketi yangu ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, na kompyuta ndogo ilikuwa ndani ya begi chini ya kitanda. Nililala kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Nilipoamka, kaka alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, anatazama mikono yake.

"Umelala kama jiwe," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umelia?"

"Vitunguu." Lakini hapakuwa na mtu aliyepika.

Ijumaa nilikuwa mwepesi wa kichwa na mzito wa miguu. Nilipapasa kiunoni, flashi ilikuwepo. Nikaenda. Kwenye kibanda cha soda Bwana Mkoba aliinuka nusu, kama mtu anayempisha mkubwa.

"Pole, dada mwandishi. Homa imepungua?"

"Imepungua, ahsante," nikajibu, kwa sababu adabu yangu hutangulia akili.

Hatua kumi mbele, akili ikafika. Homa yangu ilijulikana na watu wawili tu, na wote wawili wanalala nyumba moja na mimi. Sikugeuka nyuma.

Dukani Pini alinitazama kwa jicho moja, la pili likiwa kwenye lenzi. "Mbona sura kama sufuria iliyoungua?"

"Naumwa."

"Unaumwa na malaria au na mwenye mkoba?"

"Tufanye haraka, Pini. Nataka kurudi kulala."

Alifunga mlango, akachukua simu zetu na kuzitia kwenye kopo la biskuti, desturi yake. Nikawasha kompyuta. Nikaandika maneno yangu saba. Pini akachomoa flashi ya pili alikojua mwenyewe, akachomeka, akanigeuzia mgongo, akaandika ya kwake. Kitufe kikajitokeza. Kwa kawaida, kabla ya kubonyeza, huwa nafungua shahidi mmoja na kumsoma sentensi mbili, kama mtu anavyopembua mchele hata kama umetoka dukani ukiwa safi. Siku hiyo sikufungua. Kichwa kiliniuma, na niliwaza kitanda. Nikapeleka kidole.

Kopo la biskuti likaanza kunguruma.

"Yako hiyo," Pini alisema. "Pokea, isije ikawa mama kaanguka."

Alikuwa kaka.

"Kamusi, umeshafika?"

"Nimefika wapi?"

Akacheka kidogo. "Huko unakokwendaga. Si Ijumaa leo? Fanya hiyo nakala yako mapema urudi upumzike. Usije ukaiacha kwa sababu ya homa, eh? Umenisikia? Usiiache."

"Nimekusikia, kaka."

Alikata. Nilibaki na simu sikioni. Kaka yangu hajawahi kunikumbusha hata siku yangu ya kuzaliwa.

"Haya bonyeza, nina wateja nje," Pini alisema.

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

Nilifungua folda ya mashahidi, ile ya kwangu. Ilikuwa nyeupe. Hakuna shahidi wa kwanza, hakuna wa thelathini na saba, hakuna Tanuri. Weupe tu, kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

Pini alitema skrubu zote kiganjani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mdomo wake mtupu. "Ondoa mkono," alinong'ona. "Taratibu. Kama kuna nyoka." Akaifunga flashi yake, akaichomoa, akaishika kwa mikono miwili. "Ungebonyeza, tungemzika yule mzee mara ya pili. Na mimi ningeshika sepetu."

Tukazima. Tukaiwasha kompyuta upya, mara hii kutoka kwenye flashi yake. Akaandika maneno yake bila hata kunigeuzia mgongo. Tukahesabu kwa sauti: thelathini na saba. Nikafungua wa ishirini na mbili. "Haya, kinasikia hicho?" Tanuri aliuliza, akakohoa, na mimi nikakaa sakafuni katikati ya maganda ya simu.

"Nani alifungua yako?" Pini aliuliza.

Nilijua. Kinywa kikakataa kulitaja jina lake.

"Basi usiniambie," alisema. "Hii ya kwako iache hivyohivyo, kaburi tupu. Nitatoa nyingine kutoka kwenye yangu, na hiyo utaipeleka baraza wewe mwenyewe, mkononi. Na nyumbani useme umesasisha."

Nikasema. Kaka alikuwa mlangoni, ananisubiri.

"Umefanya?"

"Nimefanya."

Alinikumbatia. Hatukuwa watu wa kukumbatiana. Jumamosi nzima alipiga mluzi, akatengeneza bawaba ya dirisha iliyokuwa imekufa mwaka mzima, akamtania mama kwamba atamtafutia mchumba. Mama akawa anacheka mpaka anashika ubavu. Mimi nilikaa katikati ya furaha hiyo kama mtu aliyekaa kwenye nyumba inayovuja gesi, wakati kila mtu anatafuta kiberiti.

Jumapili tulikuwa uani tunaanika nguo, nikashindwa. Sikutaka aje ajue mbele ya watu kwamba sauti bado ipo.

"Kaka, sikubonyeza."

Alikuwa ameshika shuka. Hakuliacha, alilikamua tu tena, ingawa lilikuwa limeshakamuliwa.

"Hukubonyeza nini?"

"Unajua."

Maji ya shuka yalimwagikia miguu yake. Alikaa juu ya beseni lililogeuzwa. "Ulijuaje?"

"Ulipiga simu. Wewe uliyajuaje maneno yangu saba?"

"Midomo yako." Alitabasamu bila furaha. "Tangu shuleni unaandika kwa midomo, Kamusi. Vidole vinafuata. Wiki mbili nimekutazama ukifungua kompyuta pale mezani, mama akishalala."

"Nani alikutuma?"

"Yule mtu wa mkoba. Aliniambia marehemu amenitaja. Akasema kampuni haina shida na mimi, kampuni inanilinda, ila hayo maneno yasifike baraza." Akaniangalia. "Nilimsikiliza kabla ya kumfuta. Yote, mpaka mwisho. Alikuwa ananipa tumbaku yule mzee. Nililia, nakwambia. Halafu nikafuta."

"Kama ulimsikiliza mpaka mwisho, basi ulisikia habari ya meneja."

"Nilisikia jina langu."

"Sikiliza, kaka..."

"Wewe sikiliza! Peleka wote. Peleka hao thelathini na sita, nawatakia heri. Mmoja tu. Futa mmoja tu, kwa ajili ya tumbo lililotuzaa."

"Wote wanasema hawakupewa barakoa. Daftari linasema walipewa, na sahihi ni yako. Tanuri ndiye peke yake aliyemwona meneja nyuma ya kiti. Ukimfuta yeye, daftari linabaki, na wewe unabaki nalo peke yako."

"Daftari wanalo wao. Wamesema watalichoma."

"Na umewaamini?"

Mama alichungulia dirishani, akauliza mbona tunaongea kwa kunong'ona kama wagonjwa. Kaka akasimama, akalitundika shuka vizuri, akalinyoosha kila pembe, akaingia ndani. Tangu hapo hakunisemesha.

Jumanne baraza lilikaa. Chumba kirefu, madirisha ya juu, meza yenye kitambaa cha kijani. Nilifika na flashi mpya ndani ya ngumi, na ngumi sikuifungua mpaka karani wa baraza aliponisainia kwamba ameipokea. Sauti ya Tanuri ilijaa chumba. Mjane wake alikaa mstari wa mbele na kitambaa kinywani. Jina la kaka yangu lilipotajwa, watu waligeuka kunitazama mimi, siyo yeye, maana yeye hakuwepo.

Wakili wa kampuni alisimama taratibu, akiwa mtulivu kama mtu aliyekuwa anasubiri basi na basi limefika. Alimkabidhi mwenyekiti daftari la stoo. Halikuchomwa. Lilikuwa limejaladiwa upya. "Kampuni imesikitika sana," alisema, "kugundua kwamba mtumishi wake mmoja alikuwa anaandika barakoa ambazo hakuzigawa. Kampuni haikujua." Kuhusu meneja na mgongo wa kiti, alisema hayo ni maneno ya mgonjwa, na mgonjwa sasa ni marehemu. Baraza likaahirishwa kwa wiki mbili, wataalamu waipime rekodi kama ni halali.

Nilipotoka nje, Bwana Mkoba alikuwa kwenye ngazi. "Hongera, dada," alisema. "Umewasilisha vizuri. Mama hajambo?"

Alhamisi gari lilikuja kumchukua kaka. Mama anasema lilikuwa safi na dereva alikuwa mpole. Walimwambia anakwenda kwenye nyumba ya wageni ya kampuni, siku mbili tatu, kuweka mambo sawa na mawakili. Alichukua mswaki na shati moja. Tukipiga simu yake inapokelewa, lakini si na yeye. "Amepumzika," sauti inasema. "Amekula vizuri. Amelala." Nimeshaijua sauti hiyo. Kila mara inaniuliza kama homa imerudi.

Pini alinisindikiza polisi. Askari wa zamu aliandika mistari miwili, akaniuliza kama kaka ni mtu mzima. Nikasema ndiyo. Akafunga kitabu.

Jumapili iliyofuata mjomba aliitisha kikao. Nilipoingia sebuleni nilimkuta mama amekaa chini, ingawa viti vilikuwepo, na mjomba kwenye kiti cha kaka, na kwenye kochi, magoti pamoja, mkoba kwapani, Bwana Mkoba. Alikuwa amevua viatu mlangoni kama mtoto wa nyumbani.

"Karibu, binti," mjomba alisema. "Kaa."

"Shikamoo, mjomba. Nitasimama."

"Mgeni wetu amekuja kwa heri. Kijana wetu anaweza kurudi leo hii. Leo, kabla chakula hakijapoa. Sharti ni dogo."

Bwana Mkoba alifungua mkoba wake. Wiki zote hizo nilikuwa nikijiuliza unabeba nini. Ulikuwa na karatasi moja na kalamu. Karatasi ilikuwa imeshachapwa, kwa Kiswahili kibovu, na jina langu lilikuwa chini. Ilisema kwamba mimi karani wa chama niliichezea sauti ya marehemu kwa sababu ya ugomvi wa kifamilia, na kwamba naiomba radhi kampuni, baraza na kaka yangu.

"Ni radhi tu," alisema. "Neno dogo. Wewe ni mtu wa maneno."

"Mwanangu," mama alisema. Nimebeba mengi, lakini neno lile lilinielemea kuliko flashi zote.

"Omba radhi, mtoto," mjomba akasema. "Radhi haiui. Kaka yako ni damu. Yule mzee alikuwa nani kwako?"

Niliisoma karatasi mara mbili, polepole, midomo imefungwa.

"Mjomba, kaka amesaini nini huko aliko?"

Mjomba alimtazama mgeni. Mgeni alitazama saa.

"Amekiri," Bwana Mkoba alisema. "Kwa hiari. Kwamba daftari ni kazi yake."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Basi nisikilize, mama, kwa sababu huyu hatakueleza. Mwanao ameandika kwamba alifanya peke yake. Daftari linasema alifanya peke yake. Duniani kote kuna kitu kimoja tu kinachosema alikuwa na mtu nyuma ya kiti chake anamtajia namba, nacho ni sauti ya yule mzee. Mwanao alijaribu kuifuta. Sasa wanataka mimi niimalizie. Nikisaini hii, anarudi leo anakula, kesho anafungwa, na hakuna atakayebaki wa kusema kwamba aliamriwa."

"Na usiposaini?" mama aliuliza.

Jiko lilikuwa limewashwa, sufuria ilikuwa inachemka peke yake. Bwana Mkoba alinisogezea kalamu kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemsukumia mtoto peremende.

"Siku tisa bado, dada," alisema. "Mwili wa mtu mwenye mawazo hauvumilii siku nyingi. Tunamwangalia, lakini hatuwezi kumwangalia kila saa."

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Mjomba aliinuka, akanishika mkono, akanibana mpaka mfupani. "Umesikia? Umesikia anachosema? Omba radhi! Piga magoti uombe!"

Niliutoa mkono wangu mkononi mwake. Niliikunja ile karatasi, nikamrudishia mwenyewe mkobani mwake.

"Mwambie meneja wako," nilisema, "na kaka yangu mwambie, kama kweli bado anasikia, na wewe mjomba, na wewe mama yangu uliyenizaa. Siombi radhi. Si leo, wala siku hiyo ya tisa. Siombi."